Ndoo ya Futari

Sitalitaja soko, wala sitamtaja mtu. Si kwamba naogopa. Kusengenya hula thawabu za saumu kama mchwa alavyo boriti, na mimi nimewafundisha hivyo watoto wa madrasa tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi. Sitaki kuandika juu ya mtu aliyeitoboa saumu yake huku natoboa yangu. Inatosha mkijua kwamba ni soko la mahindi, moja ya yale yaliyoota kando ya barabara kuu iendayo Dar es Salaam, na kwamba nilitoka pale na hasira ambayo mpaka leo haijanitoka.

Watu wananijua kwa upole. Mke wangu husema mimi nikikanyagwa mguu ndiye ninayeomba radhi. Nashukuru, Mwenyezi Mungu amenipa tumbo la kumeza mengi: ukame, kufiwa, karakana za jirani zetu huku Kizota, Dodoma, zinazogonga vyuma hata mtu akiwa kwenye sijida. Hayo yote nimeyameza. La ndoo limekataa kushuka.

Nianze na baba yangu, maana bila yeye hamtaielewa hasira yangu. Alikuwa mkulima wa milimani, Kondoa. Hakusoma sana, alijua sura za kumtosha katika sala. Aliuza karanga na mahindi kwa pishi, mlangoni kwetu. Siku za kawaida alijaza pishi, akaisawazisha kwa kiganja, akammiminia mteja. Ramadhani ilipoingia hakusawazisha. Aliacha pishi ivimbe kichwa mpaka punje zianze kuporomoka, na zilizoporomoka alimwokotea mteja akamwongezea. Mama alimwuliza kama anataka tufilisike ndani ya mwezi mtukufu. Baba alimjibu, "Njaa hii naifunga bure kama mkono wangu umeshiba." Hayo ndiyo mafundisho yangu ya kwanza ya saumu. Vitabu vilikuja baadaye, na sikukuta humo jambo lililoyapinga.

Kwa sababu saumu ni ibada ya ajabu. Sala inaonekana, zaka inaonekana, hija ndiyo usiseme. Saumu haionekani. Mtu anaweza kujifungia chumbani akanywa maji, akatoka na midomo mikavu, na hakuna atakayejua. Ndiyo maana tumefundishwa kwamba Mwenyezi Mungu ameichukua iwe yake, na malipo yake atayatoa Mwenyewe, wala hakututajia kiasi. Aliyefunga ana furaha mbili, moja anapofuturu na nyingine atakapokutana na Mola wake. Na mwenye kumfuturisha aliyefunga hupata mfano wa ujira wake, bila yule kupunguziwa kitu. Nimeyasema haya kwenye mimbari Ramadhani nyingi. Sikujua kwamba kuna mtu ameyasikia hayo hayo akayageuza kuwa mtego.

Ramadhani hutembea, haikai msimu mmoja. Miaka ile ilikuwa imeangukia mavuno, wakati upepo wa Dodoma unachapa asubuhi na vumbi linaingia mpaka kwenye nyusi. Nina shamba dogo mashariki ya mji, na shamba linalopakana na langu ni la mama mmoja wa Kigogo, mjane, Mkristo, mwimbaji wa kwaya mpaka meno yalipoanza kumtoka. Kila tukikutana mpakani hunisalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi, Mwalimu!" nami humwitikia vibaya makusudi ili anicheke. Mwaka ule paa la udongo la tembe lake lilikuwa limelalia upande mmoja, na mvua za nyuma zilimkuta ndani na sufuria zimepangwa kila kona. Alitaka kuezeka bati kabla mvua hazijarudi. Mahindi yake ndiyo yaliyokuwa bati lake. Aliyajaza kwenye magunia mwenyewe, akayashindilia, akayashona kwa shazia, ile sindano nene ya magunia, na hakukubali kijana yeyote amshikie uzi.

Tulikodi Fuso moja sisi wawili, mizigo yetu ikapakiwa pamoja, na asubuhi tukashuka sokoni. Pale bila dalali huuzi. Yeye ndiye anayekutafutia mnunuzi, na mzigo wako unapangwa mbele ya banda lake. Walikuwapo wengi, kila mmoja akiita. Nilitaka kwenda kwa dalali niliyewahi kumsikia, lakini yule mama alinivuta koti.

"Mwalimu, twende kwa yule wa kanzu."

"Kwa nini yule?"

"Si amefunga? Tazama midomo yake. Mtu anakaa na njaa mchana kutwa kwa ajili ya Mungu, ataniibia mimi ajuza?"

Nilifurahi. Nisiseme uongo, nilitembea kuelekea kwenye lile banda kifua mbele. Mwanamke asiye wa dini yangu alikuwa ameisoma saumu vizuri kuliko nusu ya msikiti wangu. Aliiona kuwa ni dhamana.

Dalali alitupokea kwa mikono miwili. "Shikamoo Shehe wangu! Bibi, shikamoo. Karibuni, mzigo umefika kwa mtoto wenu." Alituwekea turubai tukae kivulini, na kila tulichouliza alijibu kwa inshallah. Kwenye nguzo ya banda palikuwa na ndoo kubwa nyeupe, imeandikwa kwa rangi ya kijani: FUTARI. Niliisoma nikamwombea heri.

Wanunuzi wakaanza kupita. Kwa asiyejua soko la nafaka, nieleze kwamba gunia halifunguliwi kila mara. Wana kichuma kirefu chenye mfuo, kinaitwa bambo. Kinachomwa ubavuni mwa gunia, na mahindi yanatelezea mfuoni mpaka kwenye kiganja. Mnunuzi anatazama rangi, anavunja punje kwa jino ili ajue kama imekauka. Hiyo ndiyo sampuli, na hakuna ubaya. Baba yangu angeikubali. Akishatazama, mahindi hurudishwa guniani.

Kwa dalali wetu hayakurudi. Vijana wake walichoma, mnunuzi akatazama, na kiganja kizima kikamwagwa kwenye ndoo ya futari. Alipita mnunuzi mwingine, wakachoma tena. Baada ya muda nikaona wanachoma hata kama hakuna mnunuzi. Wanapita tu, wanachoma, wanamwaga, wanapiga soga. Ndoo ilipojaa iliondolewa nyuma ya banda, ikarudi tupu. Mzigo wangu nao ulidonolewa, lakini wa jirani yangu ndio uliokuwa mbele.

Mama yule aliinuka. "Wewe mwanangu, hiyo unayotia kwenye ndoo ni sampuli ya nani?"

"Ya futari, bibi. Soma hapo."

"Nimesoma. Imeandikwa futari. Haijaandikwa kwamba ni mahindi yangu."

Makuli waliokuwa wamekalia mikokoteni wakacheka. Mmoja akampigia kelele, "Bibi, utagombana na Mungu!"

"Mungu sijamwona hapa na bambo," akasema, macho bado yako kwa yule kijana wa ndoo. "Nimekuona wewe na mwenzio."

Wakacheka zaidi, na wakulima wengine waliokuwa wamekaa juu ya mizigo yao wakaanza kunung'unika. Ndipo dalali akatoka bandani. Hakukasirika. Angalau angekasirika! Alitoka taratibu, akaweka mkono kifuani, akasema kwa sauti ya mtu anayeumwa:

"Mama yangu, mimi nimefunga. Tafadhali usinigombeze, nimefunga."

Na yule mama akainamisha kichwa. "Nisamehe, baba," akasema, akarudi kukaa.

Damu ilinipanda mpaka nikaona taa. Ameomba msamaha! Anachomwa ubavuni na anaomba msamaha! Kila mtoto wa madrasa anajua neno lile limetoka wapi. Mtume, rehema na amani zimshukie, alitufundisha kwamba mtu akikutukana au akikushari nawe umefunga, useme: mimi nimefunga. Limewekwa liwe lijamu ya mdomo wako wewe, ukumbuke upo mbele ya nani, usijibu uovu kwa uovu. Yule bwana alikuwa amelivua lijamu hilo mdomoni mwake akamvisha ajuza wa watu. Alilitumia asubuhi ile kwa kila aliyelalamika. Nimefunga, mzee. Nimefunga, kaka. Na kila mmoja alinyamaza, kwa sababu watu wa nchi hii, wawe Waislamu au Wakristo, bado wanaiheshimu njaa ya mwenzao.

Nilinyamaza pia. Nasaha hutolewa faraghani, ndivyo tulivyofundishwa, na mimi mwenyewe nilikuwa nimefunga na naijua hasira yangu ikitoka. Nikaswali adhuhuri. Nikakaa. Tukiwa tumekaa tukaanza kusikia harufu kutoka nyuma ya banda, kuni na mahindi yanayochemka. Wanawake wawili walikuwa wanapika kande kwenye sufuria kubwa za harusi.

Alasiri mnunuzi akapatikana na mizani ikaletwa. Kila gunia la yule mama lilipopandishwa, karani wa mizani alitikisa kichwa. Halijafika. Ikabidi gunia moja lifunguliwe ili kujazia mengine. Likachotwa, likachotwa, mengine yakakamilika, na lile moja likabaki limelegea, linafika kiunoni mwa mtu, limejikunja kama mgonjwa. Mnunuzi akasema hachukui vipande. Mama alilitazama gunia lile kwa muda. Alikuwa amelishindilia mwenyewe kwa magoti.

Dalali akaja, akalipapasa. "Bibi, hili usihangaike nalo kulirudisha. Liache hapa kwenye futari. Utapata thawabu nyingi, muulize Shehe."

Muulize Shehe!

Mama hakuniuliza. Alisema, "Thawabu yangu mmeshaichukua kwa ndoo," akalikalia lile gunia, akakunja mikono.

Nikamshika yule bwana kiwiko, nikamvuta nyuma ya Fuso. Nilijitahidi sauti yangu iwe ndogo. Nikamwambia, mwanangu, unachofanya ni wizi. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa jua linatoka magharibi.

"Shehe, kila mkulima anatoa kidogo tu. Wanaofuturu hapa ni makuli, madereva, wapita njia. Unataka nisiwafuturishe?"

"Wafuturishe kwa chako."

"Hiki si ni cha soko?"

"Ni cha yule mama. Umemwomba?"

Akapunguza sauti, akanisogelea kama tunaopeana siri ya familia. "Shehe wangu, wale ni Wakristo. Mambo ya futari hawayajui."

Nimeishi na watu wa nyanda hizi maisha yangu yote. Wamenizikia baba yangu pamoja nami, wamebeba udongo kwa mikono, na siku hiyo hakuna aliyeuliza kama wanayajua mambo ya jeneza letu. Nikamwambia, "Kama hawayajui, ndiyo ruhusa ya kuwaibia? Kuna sura nzima imeshushwa juu ya wapunjao vipimo, inaanza kwa ole. Unaisoma kila siku. Imekuambia uwapunje nani na uwaache nani?"

Uso ukambadilika kidogo. Kisha mkono ukarudi kifuani. "Nimefunga, Shehe. Usinipandishe presha."

Jua lilipokaribia kuzama mikeka ikatandikwa. Walikuja watu wengi, wachovu, nywele zimejaa vumbi la pumba. Tende zikagawiwa, uji ukamiminwa, sinia za kande zikawekwa katikati zikifuka moshi. Lazima niseme zilinukia vizuri. Tumbo langu halikujua habari za bambo, lilinguruma kama kawaida yake. Na yule bwana, mbele ya watu wote, akasema kwa furaha, "Tumepata bahati leo, tuna mwalimu mkubwa kutoka Dodoma mjini. Shehe, tuombee dua futari yetu kabla ya adhana."

Nikasimama. Pale nilipokuwa niliweza kumwona jirani yangu kupitia uwazi wa banda, amekaa juu ya gunia lake peke yake, ametupa mgongo. Bila shaka alimsikia dalali akiniita. Alikuwa anasubiri sauti yangu. Kama ningeinua mikono na kusema allahumma, angesikia dini yangu yote ikitia muhuri juu ya ile ndoo.

Nikasema, "Futari hii siwezi kuiombea. Mwenye mahindi amekaa pale nje, na hakuombwa."

Kuli mmoja mzee, mkononi ana tende, akasema kwa upole, "Shehe, lakini sisi tuna njaa."

"Ninyi kuleni," nikamwambia. "Hamkuchukua, na wala hamkujua. Mimi nilimwona anayechukua, nikila najua nakula nini."

Dalali akacheka kile kicheko cha kuomba watu wacheke nawe. "Mzee wetu amechoka na jua," akasema. Wachache walicheka. Adhana ikaanza msikitini, mikono ikaenda kwenye tende, na mimi nikavaa viatu vyangu nikatoka. Hakuna aliyenifuata. Sikutarajia afuatwe mtu mwenye maneno mahali penye kande.

Kuchelewesha kufuturu si sunna, na sikuwa na kitu mfukoni. Mama aliponiona alinisogezea kidumu chake cha maji, kisha akafungua ncha ya kanga, akatoa karanga alizozikaanga nyumbani kwake. Nikanywa, nikala. Niliswali pembeni ya Fuso juu ya koti langu. Nilipomaliza alikuwa bado ananitazama, na mdomo wake ulikuwa na lile swali ambalo nilikuwa nalikimbia tangu asubuhi.

"Mwalimu, niambie kweli. Yule leo amefunga, au hajafunga?"

Hapo ndipo hasira yangu ilipofika mwisho wake, kwa sababu nilijua jibu. Nimefundisha mlango huo kila mwaka: yanayobatilisha saumu ni haya na haya. Kula, kunywa, na mengine yanayojulikana. Kwa kitabu, saumu ya yule bwana ilikuwa sahihi. Hadaiwi siku. Hakuna kadhi atakayemwambia afunge tena. Sikuweza kumdanganya mjane wa watu ili tu nimridhishe.

"Amefunga," nikasema. "Kwa sheria amefunga. Lakini tumeambiwa kuna watu wengi wanaofunga, na wanachokipata ni njaa na kiu basi."

Akatafuna karanga moja, akafikiri. "Kumbe njaa yake ilikuwa njaa tu. Kama ya ng'ombe wangu kiangazi."

"Kama hiyo."

"Afadhali ng'ombe," akasema. "Yeye hana ndoo."

Tulicheka, na kicheko hakikunipunguzia chochote. Lile gunia tulilipandisha tena kwenye Fuso. Mimi na dereva tulilishika huku na huku, na matundu ya bambo tuliyaziba kwa majani makavu ili lisivuje njiani. Mwaka ule aliezeka upande mmoja tu wa nyumba. Upande wa pili ulibaki udongo, na mvua zilipokuja sufuria zikarudi kwenye kona zake. Nasema haya ili mtu asidhani tunabishana juu ya viganja vya mahindi.

Tangu siku ile nimebadilisha mpango wa darasa langu. Kabla ya kuwafundisha watoto kinachobatilisha saumu, nawafundisha kinachoifanya iwe tupu huku imesimama sahihi, kama gunia lililoshonwa vizuri na ndani hamna kitu. Baadhi ya wazazi wamelalamika kwamba naongea kwa ukali siku hizi. Ni kweli. Namwomba Mungu msamaha kwa ukali huo na bado sijaupunguza. Yule bwana hunialika kwenye futari yake kila mwaka, kwa simu, kwa adabu zote. Nami humwambia arudishe kwanza mahindi ya watu. Yeye huniombea afya, hukata simu.

Siku chache kabla ya Ramadhani ile ya sokoni kwisha, jioni, mlango wangu wa Kizota ulibishwa. Alikuwa yule mama jirani yangu, amepanda basi kutoka kijijini na sufuria imefungwa kwa kitambaa, ameibeba mapajani njia nzima. Kande. Mke wangu alimkaribisha ndani, tukamwambia asubiri tufuturu pamoja.

"Haya ni ya gunia lile," akaniambia. "Nimeyatoa mwenyewe. Hakuna aliyenichomea bambo."

Vitabu vyangu vipo rafuni, na najua wanavyuoni wamesema nini juu ya thawabu za asiye katika dini yetu. Jioni ile sikufungua kitabu. Adhana iliposikika niliinua mikono juu ya sufuria yake nikaomba dua yote ambayo kule sokoni ilinikwama, kwa sauti, nikimtaja jina aliyepika. Aliitikia amina kwa sauti yake ya kwaya. Kisha tukala, na mke wangu akamwuliza ameweka nini mbona karanga zimekolea hivi.